Kidole Juu ya Jicho

Ninyi mnaoanza kazi ya pua na masikio, kaeni niwaambie jambo ambalo walimu wenu hawatawaambia. Mimi nilikuwa mwoga. Si woga wa wiki ya kwanza, ule mnaoucheka mkishazoea. Nimeuguza watu hapa Kindu tangu usichana wangu mpaka nywele zikawa nyeupe, na kila nilipomwona mtu amekaa kwenye kiti changu, ameinua uso na kufumba macho, nilitamani kukimbia. Watu wa mtaani walisema Mama Sakina ana roho ngumu kwa sababu sicheki ovyo. Roho ngumu gani? Ilikuwa hofu imekaa usoni.

Dawa ya hofu yangu ilikuwa karafuu. Aliyenipa ni Baba Zefirini, muuguzi mzee aliyenifundisha kazi. Siku ya kwanza aliona midomo yangu inatetemeka, akaniambia niweke karafuu moja shavuni na kuibana kwa meno, maana meno ya muganga, yaani sisi tunaotibu hospitali, yakigongana mgonjwa atayasikia. Tena usaha wa puani unanuka, na ukigeuza uso kwa kinyaa mgonjwa anaona aibu, siku nyingine haji. Karafuu moja ilifanya kazi mbili. Mama aliyeniuzia viungo sokoni alinitania miaka yote kwamba kwangu hakuliwi kitu ila pilau.

Kazi yenyewe mnaijua kwa majina marefu. Mimi niliwaeleza wagonjwa hivi: ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vya hewa, viwili mashavuni, vingine juu ya nyusi na kati ya macho. Milango ya vyumba ikiziba, uchafu unalala ndani. Mtu anatembea na mafua miezi na miaka, akiinama kichwa kinakuwa kizito, harufu haisikii tena. Karatasi za hospitali zinauita sinizite ya muda mrefu. Watu wetu wanasema tu pua imekufa.

Zamani tulikuwa na njia mbili, kuosha na kutoboa. Kuosha ni maji yaliyochemshwa yakapoa, na chumvi kidogo. Kuwafundisha Wakristo kulinitoa jasho. Kuna mama mmoja wa Lokandu, muuza samaki, amezaliwa mtoni na kukulia mtoni, alipiga makelele kwamba ninamzamisha kwa kikombe. Waislamu wenzangu walikuwa rahisi nusu. Anayetawadha mara tano kwa siku anajua kupandisha maji puani na kuyatoa, hana woga nayo. Lakini ndiyo maana alijiona anajua kila kitu. Ukimwambia achemshe maji na kutia chumvi, anakujibu ndiyo, halafu anachota ya mto Lualaba yalivyo, anapandisha, anamshukuru Mungu, na mwezi ujao anarudi kwako na usaha wa kijani. Niligombana nao sana kwa hilo.

Mmoja tu alinielewa mara moja, Mwalimu Ramazani. Alifundisha shule ya msingi, mtu mrefu, mwenye maneno ya taratibu, na pua yake ilikuwa imeziba tangu ujana. Aliongea kwa sauti ya puani mpaka watoto wa darasa walimwiga nyuma ya mgongo, naye akajua, akawaomba wamwige mbele yake ili achague aliyeweza zaidi. Harufu alikuwa amekwisha kuipoteza. Alisema chakula kwake ni cha moto au cha baridi, basi. Lakini aliosha asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi, na kwa miaka mingi sikuhitaji kumtoboa.

Sasa kutoboa. Hapa nisikilizeni vizuri, hata kama ninyi hamtafanya hivyo tena.

Tulichukua sindano nene, tukaipitisha ndani ya pua mpaka chumba cha shavu, tukasukuma maji, na usaha ukatoka. Baba Zefirini alinifundishia kwenye papai bichi. Unachoma ganda, ukisikia mkono umeingia kwenye uwazi unasimama hapo hapo. Ukigusa upande wa pili, anakupiga kijiko kwenye vidole. Miezi mitatu mapapai yote ya jikoni ya hospitali yalikuwa na matundu, na mpishi aliapa atanishitaki kwa daktari mkuu.

Kwa nini alinitesa hivyo? Kwa sababu chumba cha shavu kiko chini ya jicho, na mfupa unaovitenganisha ni mwembamba kabisa. Basi Baba Zefirini alikuwa na sheria moja. Jicho halifunikwi. Mkono mmoja kwenye sindano, kidole cha mkono wa pili juu ya kope. Jicho likisukuma kidole, unatoa sindano. Mgonjwa akitaja jicho, unatoa. Huulizi kitu, hungoji, unatoa.

Sheria hiyo niliishika mpaka siku moja.

Ilikuwa miaka ya vita. Mji ulikuwa umezungukwa, njia zimefungwa, huwezi kwenda shambani bila kukutana na wenye bunduki, wa huku au wa kule, wote wanakutisha sawasawa. Kitu cha kwanza kuisha kilikuwa chumvi. Tulikula sombe, majani yetu ya muhogo, bila chumvi, samaki bila chumvi, mpaka ulimi ukasahau. Na mimi, muuguzi mzima, nilikutana na Mwalimu Ramazani njiani nikamwuliza kama bado anaosha pua. Akajibu ndiyo, Mama. Nikafurahi, nikapita. Nyumbani kwangu hakukuwa na chembe ya chumvi, na sikujiuliza yeye ameitoa wapi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na ni dogo kuliko lile linalokuja.

Siku chache baadaye mke wake alimleta amemshika mkono. Shavu la kushoto limevimba, jicho la upande huo limeanza kufumba, homa inamchoma. Daktari alikuwa amekwisha kuondoka mjini. Baba Zefirini alikuwa amekimbilia kwa ndugu zake Punia. Vidonge vya kuua vijidudu viliisha zamani. Nilikuwa na chupa moja ya serumu, maji ya dripu, sindano ile nene, na hofu. Kama ningemwacha, usaha ungepanda kwenye jicho, kutoka hapo mpaka kwenye ubongo. Nilimweka kwenye kiti, nikabana karafuu.

Asubuhi ile walianza kupigana karibu na mto. Kila mlipuko ulipolia, dari letu bovu lilimwaga vumbi juu yetu. Lilimwangukia machoni, akawa anapepesa na kutikisa kichwa. Ndipo nikafanya lile ambalo nimeliota mpaka leo. Nilichukua kitenge changu nikamfunika uso, nikaacha pua tu. Nilijiambia ninamkinga na vumbi. Nafikiri pia nilitaka asinione ninavyotetemeka.

Nikaingiza. Usaha ukatoka mwingi, nikafurahi. Nikajaza bomba la sindano mara ya pili. Hapo pakalia mlipuko mkubwa nyuma ya jengo, nikaruka, mkono ukapanda juu. Nilisikia kitu kidogo kimekatika kwenye ncha ya sindano.

"Mama, jicho," akasema chini ya kitenge.

Nilimsikia, wanangu. Msije mkanitetea kwamba milipuko ilikuwa mingi. Nilimsikia vizuri sana. Lakini maji yalikuwa yamebaki nusu ya bomba, na mimi nilitaka kumaliza nikimbie. Nikasukuma mara moja zaidi.

Nilipofunua kitenge jicho lilikuwa limejaa, limetoka mbele, gumu. Mke wake aliniuliza kama njo vile inafanyaka, yaani ndivyo inavyokuwa. Nikamjibu itashuka. Hilo ndilo neno la mwisho nililowaambia. Watu walikuwa wanakimbia barabarani, nao wakashuka mtoni, wakavuka kwa mtumbwi kwenda Alunguli, wakashika njia ya Kailo. Mimi nilijifungia stoo ya dawa mpaka kukanyamaza.

Vita viliisha, nikasikia Mwalimu yuko hai, anafundisha Kailo. Habari za lile jicho sikuuliza kamwe. Watu wa Kailo walikuja hospitali kila wiki, na nilikuwa nikiona mmoja naondoka, nasema nina kazi chumba kingine. Ningeweza kuuliza swali moja tu, Mwalimu anaona? Miaka zaidi ya ishirini sikuliuliza. Woga wa bunduki unaisha bunduki zikinyamaza. Huu mwingine nilikula nao na kulala nao, ukastaafu pamoja nami.

Sasa nije kwenye mambo yenu mapya. Mwaka juzi alikuja Dokta Nadine, binti mdogo aliyesomea pua, masikio na koo, na sanduku lake la vyombo. Mimi nilikuwa nyumbani nafuga bata. Hospitali wakaniita niwasaidie kushika vichwa vya wagonjwa na kuzungumza na wazee. Niliyoyaona yalinitisha kuliko papai la Baba Zefirini. Kamera nyembamba inaingia puani, na kwenye kioo unaona mlango wa kila chumba. Dokta hatoboi ovyo, anafungua ule mlango uliozibwa. Dawa ya kupulizia ya kupunguza uvimbe, kila siku, kwa miezi. Kuna kipande kidogo, huko kwa wenye navyo, wanakiacha ndani ya chumba kinatoa dawa polepole halafu kinayeyuka chenyewe. Nikamwuliza, na kikikataa kuyeyuka? Akacheka mpaka akakaa chini. Kuna na sindano nyingine mpya, ya chini ya ngozi, inazuia mwili usiendelee kutengeneza zile nyama laini zinazoziba pua. Inarudiwa kila wiki kadhaa, na inataka baridi isiyokatika. Kwa umeme wetu huu? Kindu haijafika.

Lakini jambo moja halikuwa jipya. Siku ya kwanza ya kupasua nilimwona hakufunika macho ya mgonjwa. Akaniambia, Mama, kazi yako ni jicho tu, weka kidole hapa, likibadilika niambie. Nilitoka nje nikalia nikimkumbuka Baba Zefirini na sheria yake.

Wiki ya pili, kwenye mstari wa wagonjwa, akaingia Mwalimu Ramazani.

Amezeeka, ana fimbo, lakini urefu ni ule ule na sauti ya puani ni ile ile. Jicho la kushoto lilikuwa limefifia na kuingia ndani kidogo. Nilijua hapo hapo. Dokta alimpima: jicho hilo linaona mwanga na kivuli, si zaidi. Nikavuta kiti nikakaa upande wake wa kushoto, upande asioona. Kila alipokuja nilikaa hapo hapo. Hakunisalimu, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo, na nikajichukia kwa kushukuru.

Matundu yote mawili ya pua yalikuwa yamejaa nyama. Dokta Nadine akasema atazitoa kwa kamera, mgonjwa akiwa macho, pua imetiwa ganzi. Mashine ya kupiga picha za vipande vipande ya kichwa hatuna. Picha ya kawaida ilionyesha shavu la kushoto limejaa, basi, lakini limejaa nini haisemi. Akamwuliza Mwalimu kama aliwahi kutibiwa pua. Akajibu alitobolewa mara moja, wakati wa vita. Nani alimtoboa? "Muganga mumoja," akasema. Dokta aliandika, akageuza ukurasa. Mimi karafuu yangu ilikuwa imekwisha kuwa unga mdomoni.

Mnaelewa kilichokuwapo hapo? Sindano yangu ilivunja mfupa ule mwembamba. Mfupa ukivunjika, mafuta yanayolishikilia jicho yanaweza kuteremka chumba cha shavu na kukaa humo, na yakikaa miaka yanafanana na nyama laini za puani. Daktari asiyejua anayashika, anavuta. Ule mwanga kidogo uliobaki unazimika, damu inajaa nyuma ya jicho, na hapa kwetu nani ataisimamisha? Mimi peke yangu nilijua. Siku tatu nilijiambia kesho nitasema. Nilifikiria kila kitu: watanicheka, watasema Sakina alipofusha mtu akakimbia, jina langu litatembea mpaka Kibombo. Nilifikiria hata kujifanya mgonjwa nisiende. Nilitapika kweli, kwa hofu, na bado nikaenda.

Mwalimu akalala mezani. Dokta akaniambia maneno yake ya kila siku, Mama, kazi yako ni jicho tu. Nikaweka kidole juu ya kope la kushoto. Lilikuwa la moto na laini, likatetemeka chini ya kidole changu. Dokta akashika chombo cha kukatia.

"Dokta, simama," nikasema. "Muganga mwenye alimutoboa njo mimi. Alisema jicho, na mimi nikasukuma."

Kisha maneno yakanitoka yote, kitenge, vumbi, kile kilichokatika kwenye ncha, itashuka, stoo ya dawa. Niliongea nikiangalia kidole changu. Dokta Nadine akaweka chombo chini. Akachukua kamera nyingine, ile inayotazama pembeni, akaiingiza polepole mpaka tukaona ndani ya chumba cha shavu. Palikuwa na kitu cha manjano, kinang'aa, kimelala juu. Akaniomba nibonyeze jicho, taratibu kabisa. Nikabonyeza. Kile kitu kikatikisika kwenye kioo; kumbe ni mafuta ya jicho. Nikaachia, kikatulia.

Ninyi mtakuwa na vioo vizuri kuliko kile, lakini kubonyeza huko msikusahau. Dokta alivua glovu, akakaa kwenye kiti, akajifuta jasho. Alisema kile ndicho alichokuwa amepanga kukitoa cha mwisho, baada ya kufungua njia.

Mwalimu Ramazani alikuwa macho, amesikia yote. Aligeuza kichwa kidogo.

"Nilijua ni wewe, Mama Sakina. Sauti yako nilishaijua siku ya kwanza pa mulango," akasema. "Nilikuwa nangojea useme. Kama ungenyamaza mpaka aanze, ningeshuka hapa mezani, nirudi Kailo na pua yangu."

Nilimwomba radhi, akasema tumalize kwanza kazi.

Dokta alitoa nyama za upande wa kulia tu. Upande wa kushoto hakugusa. Akampa vidonge vya siku chache vya kupunguza uvimbe, baada ya kumpima sukari na shinikizo la damu, dawa ya kupulizia, na chupa kubwa ya kuoshea, maji yaliyochemshwa na chumvi. Kuosha kule kule kwa zamani, ila maji ni mengi zaidi na dawa imefuatia nyuma. Nilipokuwa namwonyesha chupa nikapata ujasiri wa kumwuliza swali ambalo ningepaswa kumwuliza njiani wakati wa vita: ile chumvi ya kuoshea, alikuwa anaitoa wapi? Akasema hakuwa anaosha. Kijiko alichopata aliwatilia watoto kwenye sombe, na kuniambia hakutaka kwa sababu ningemgombeza. Basi ulizeni, wanangu. Mgonjwa akisema ndiyo, ulizeni amefanyaje. Na msiwe wakali kama mimi, mtadanganywa kwa heshima.

Alibaki Kindu, kwa binti yake, ili afuatiliwe na Dokta. Mimi sikwenda kumwona. Wiki ya kwanza nilisema nina bata. Wiki ya pili nilisema mvua. Wiki ya sita Dokta Nadine aliniambia jicho halijapoteza kitu, mwanga wake bado upo, na akanitazama kwa namna iliyonifanya nivae kitenge, nikaenda.

Alikuwa amekaa barazani, anasahihisha daftari la mjukuu. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikatokea kushoto kwake, kwa mazoea. Nilivua sandali nisisikike. Nilisimama pale nikiwaza nianze na salamu au nirudi nyumbani. Nilibana karafuu.

Mwalimu aliweka kalamu chini. Akainua pua, akavuta hewa mara moja, akavuta tena, polepole, uso umeelekea mbele.

"Karafuu," akasema. "Kumbe siku zote zile ulikuwa unatafuna karafuu, Mama Sakina, na mimi sikujua."

Nikavaa sandali zangu.

"Na umesimama tena upande wa jicho lenye kufa," akasema. "Zunguka. Kuya huku nikuone."

Nikazunguka.